Mia ya Kilichobaki

Anuar Momade alikuwa na brashi moja na kopo moja la rangi nyekundu, na kwa vitu hivyo viwili aliitawala posto ya afya ya kisiwa cha Macaloe kuliko muuguzi yeyote aliyeletwa kwa boti akaondoka kwa boti ileile. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuchota maji na kulinda. Lakini kila kilichoingia mlangoni alikipiga jina la mwenyewe na namba. Kitanda: SAÚDE 4. Benchi: SAÚDE 9. Ndoo ya kufulia: SAÚDE 15. Kwa Kireno saúde ni afya, ila pwani yetu neno hilo halina habari na afya ya mtu. Saúde ni wakubwa wa Palma, mji wa ng'ambo, wenye gari jeupe. Ukiambiwa "hiki cha Saúde," maana yake usikiguse. Kuna mbuzi wa jirani alilala barazani mwa posto akaamka ana S ubavuni. Anuar anasema mbuzi ndiye aliyejisugua kwenye kopo.

Usimcheke haraka. Kwenye rangi hiyo ndipo msiba wake ulipojificha, na sisi wengine, na shule zetu, tulipita mbele yake kila siku tukiusoma kwa sauti.

Zamani, gesi ilipogunduliwa baharini na kila kijana wa pwani hii akaanza kujiita mfanyakazi mtarajiwa, Anuar alikuwa mmoja wa wachache waliopata kazi kweli. Kampuni moja ndogo ya vipimo iliweka kambi kisiwani: makontena, paneli za jua, na betri kubwa, nyeupe, ndefu kama kabati la vyombo. Anuar akawa mlinzi. Kireno alichojifunza humo ni "sim, chefe," yaani ndiyo, bosi, na kilimtosha. Vita ilipokuja, wenye kambi waliondoka kwa helikopta, sisi tukaondoka kwa chochote kinachoelea. Tuliporudi, nyumba zilikuwa majivu, ila betri ilikuwa palepale. Walioiba kila kitu waliukimbia uzito wake. Kampuni haikuitaka tena. Alikuja kijana wao mmoja, akapiga picha ameiwekea mkono begani kana kwamba imefaulu mtihani, akaikabidhi posto pamoja na paneli zake, akaenda zake.

Na posto ilikuwa na mashine ya oksijeni iliyoletwa wakati wa korona, ikakaa na nailoni yake kwa kukosa umeme. Basi ikapata umeme. Na mtu wa kwanza kufungwa mpira wake puani alikuwa Wahida, mke wa Anuar.

Wahida alikuwa mkausha samaki. Maisha yake yote ya utu uzima aliingia kwenye kibanda cha moshi asubuhi akatoka mchana macho mekundu, samaki wa rangi ya dhahabu wamejaa tenga. Samaki walikauka, na mapafu yake yakakaukia humo humo. Akiwa amekaa wima anapumua, tena anasema maneno ya kuchoma. Akilala bila mashine, anazama nchi kavu. Kwa hiyo wakahamia chumba cha nyuma cha posto. Mchana mashine ilikula jua moja kwa moja. Jua likizama ilikula betri. Hesabu nzima ya ndoa yao ikawa jambo moja: betri ifike asubuhi.

Mwaka wa kwanza ilifika. Ilifika na kusaza.

Anuar aliitunza betri ile kama mwali. Aliijengea kabati la mbao lenye mlango, chini ya bati, ili chumvi ya bahari isiifikie. Akaivisha blanketi. Juu ya blanketi akatandika kapulana ya Wahida, kanga ya njano, kwa sababu ya macho ya watu. Maana kitu kama kile kisiwani hakikosi wenye kijicho. Alikuwa amesikia kwa wenye simu kwamba betri hupenda imalizwe kabisa ndipo ijazwe, basi akaiacha ikauke kila usiku mpaka mwisho, na kila mchana akaijaza mpaka pomoni. Ikibaki nguvu kidogo jioni, simu za kijiji kizima zilining'inia pale kama popo, na siku za mpira televisheni ikawashwa.

Kwenye uso wa betri kulikuwa na kioo kidogo chenye mistari miwili. Wa juu: CARGA, yaani chaji, na namba. Wa chini: SAÚDE, na namba.

Siku Anuar alipouona mstari wa chini alifurahi kama aliyepokea barua ya ajira. "Wameshaiandikisha!" alituambia. "Saúde tisini na tatu. Tena kwa taa, si kwa rangi. Hao ndio watu."

Baada ya miezi ikawa Saúde themanini na saba. Anuar akasema huko Palma wamehesabu vitu upya. Ikawa sabini na tisa. Akasema kuna vitu vimeibiwa huko juu, ndiyo maana namba zinasogea chini. Sisi vijana wa barazani tukaongeza yetu: tukasema ikifika moja, betri itakuwa mkurugenzi. Tulicheka sana. Kireno tulikuwa nacho, na neno tulilijua, na mbele yetu kulikuwa na benchi la Saúde, ndoo ya Saúde, na mbuzi nusu wa Saúde. Nani angedhani kwamba safari hii neno linasema maana yake?

Kisha usiku ukaanza kurefuka.

Hivyo ndivyo Anuar alivyoeleza. Betri iliyokuwa inafika asubuhi ikaanza kuzimika kabla ya adhana ya alfajiri. Baadaye kabla ya jogoo. Wahida alikuwa akiamka ameketi, mikono kwenye magoti, mdomo umechongoka kama anayepuliza chai, na Anuar nyuma yake amemkumbatia kifua ili asianguke. Asubuhi walionekana wote wawili kama samaki waliovuliwa.

"Betri inaumwa," Wahida alisema.

"Haiumwi," alijibu Anuar. "Jana jioni ilikuwa mia. Nimeiona kwa macho yangu. Mia ni mia, mke wangu."

"Basi usiku ndio mbovu."

"Labda."

Alimwita mwalimu wa madrasa akaisomea dua. Alisafisha paneli kwa maji ya kunywa. Aliongeza blanketi la pili, akidhani ni umande. Na kila jioni alifungua kabati akakuta mia, akalifunga kwa imani, akaenda kumwambia mkewe: "Leo imejaa."

Aliyetufumbua macho alikuwa fundi mmoja wa mitambo ya barafu, Délcio, mtu wa Mueda, aliyekuwa akipita kwenda kutengeneza jokofu la mnunuzi wa samaki. Alishuka botini kwetu kwa sababu alikuwa ametapika kila kitu isipokuwa jina lake.

"Karibu, mtu wa milima," nilimwambia. "Huku ndiko yanakotoka maji mnayoyaona kwenye glasi."

"Nyamaza, nionyeshe pa kukaa pasipotingishika."

Nikampeleka posto, kwenye benchi la Saúde. Anuar aliposikia ni fundi wa mitambo alimpa dafu, akafungua kabati, akavua kapulana, akavua blanketi, akavua la pili. Joto likatoka humo kama kwenye tanuri la mikate. Délcio aliweka kiganja juu ya betri akakiondoa upesi.

"Tio, mjomba, hii mnaioka?"

"Tunaihifadhi."

Fundi akainama kwenye kioo. Akausoma mstari wa chini. Kisha akauliza, "Hii saúde imeshuka hivi tangu lini?"

"Ah, hiyo," alisema Anuar, "ni namba ya mali. Wanaibadilisha sana. Sasa tumekuwa arobaini na sita."

Délcio alicheka. Alicheka kicheko kizuri, cha mtu aliyerudiwa na tumbo lake, akidhani mzee anamtania. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, alifuta mdomo.

"Tio. Hii si Saúde ya Palma. Ni saúde ya betri. Uzima wake. Umebaki arobaini na sita katika mia."

"Lakini carga ni mia!"

Fundi akatazama huku na huku, akaona dumu la maji la njano mlangoni. "Maji haya mnachota wapi?"

"Kisimani."

"Yana mchanga?"

"Kisiwa chote ni mchanga, mwanangu."

"Sawa. Kila ukichota, mchanga kidogo unatuama chini, hautoki. Leo ukijaza dumu, linajaa mpaka mdomoni?"

"Linajaa."

"Lakini ukimimina?"

Anuar akalitazama dumu.

"Carga ni mdomo wa dumu," alisema Délcio. "Inakwambia limejaa, na kweli limejaa. Mia hiyo ni mia ya kilichobaki. Saúde ndiyo inayokwambia dumu lenyewe limebaki kiasi gani."

"Na betri imefungwa pande zote. Mchanga umeingilia wapi?"

"Unazaliwa ndani. Kila ikijaa na kutoka, kuna kidogo kinanasa, hakirudi tena kufanya kazi. Hilo haliepukiki, hata ingekuwa kwa rais. Ila joto linauzidisha sana. Kuijaza pomoni na kuiacha imeshiba kwenye joto, kunauzidisha. Kuikamua mpaka tone la mwisho kila siku, kunauzidisha."

Kila neno lilipotoka, Anuar alikitazama kitu chake: bati, kabati, blanketi, blanketi la pili. Mkononi bado alikuwa na kapulana.

"Basi tuumwage huo mchanga," alisema.

"Haumwagiki, tio."

Nyuma ya pazia tukasikia kukohoa, kisha sauti ya Wahida, maneno mawili kwa pumzi, kama desturi yake. "Kumbe mimi na hilo sanduku... ni mapacha. Watu wananiuliza, mzima?... nasema mzima. Mzima wa kilichobaki."

"Nilikuwa naitunza," Anuar aliliambia pazia.

"Najua. Hata kibanda changu cha moshi... ulinijengea wewe. Ukaziba kila tundu kwa udongo... moshi usipotee bure. Watu wakanionea wivu... kwa mume fundi."

Alisema akicheka. Nadhani alisema kwa mapenzi. Lakini nilimwona Anuar akikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama, bila kutafuta benchi.

Kesho yake kabati lilikuwa kuni. Betri ikakaa kivulini, upande wa upepo, uchi mbele ya macho ya watu wote. Délcio alikuwa ameshauri isijazwe pomoni wala isikaushwe. Lakini utaishibishaje nusu tu, betri ambayo hata ikishiba kabisa haifiki asubuhi? Ushauri ulikuwa mzuri, ila ulikuwa wa betri yenye maisha mbele yake. Anuar akafanya alichoweza: akatupa simu zetu zote nje kwenye kikapu, na televisheni akaigeuza ikatazama ukuta.

Sufo, mwenye boti na shemeji wa Anuar, alikuja kulalamika. "Shemeji, kesho mpira."

"Nenda kaucheze."

"Nina miaka sitini!"

"Basi utacheza polepole."

Watu walinuna, kisha wakaacha kununa, maana kila mtu aliyepita pale machweo aliisikia ile mashine ikikoroma, na akajikuta anasikiliza kama itanyamaza. Wahida akapindua maisha: akalala mchana, jua likimlisha moja kwa moja, na usiku akakaa wima akisubiri. Anuar akapinduka naye. Walikuwa kama popo wawili wazee, wanaamka sisi tukifunga milango. Saúde ikashuka. Sasa kila asubuhi Anuar aliusoma mstari wa chini tu. Wa juu aliubandikia plasta.

"Twende Palma," alimwambia mkewe. "Hospitali ina umeme wa waya."

"Nilikimbia kisiwa hiki mara moja... kwa bunduki. Sikimbii tena... kwa sanduku."

Ndivyo alivyojibu kila mara, na alikuwa akimalizia na utani juu ya hospitali, juu ya uji wao, juu ya wauguzi wao. Mpaka asubuhi moja alianza utani, akasimama katikati kutafuta pumzi, hakuipata, akautupa mkono. Tulikuwa tumekaa mlangoni tukisubiri tucheke. Hakuna aliyethubutu kumuuliza ulikuwa unaishia wapi. Baada ya muda akasema neno moja: "Palma."

Mashine ikitoka posto, betri lazima iende nayo, maana paneli zilishikwa na boliti zenye kutu juu ya paa. Usiku mzima betri haikuweza tena, lakini safari ya boti ya injini, mchana, iliweza. Hata kwa mchanga wake iliweza, kama hakuna kitakachokwama.

Sufo alitaka kuondoka na maji ya alfajiri. "Tukiondoka sasa tunafika bahari imejaa. Tunashuka mlangoni mwa hospitali, karibu."

"Betri haijajaa," alisema Anuar.

"Shemeji, maji hayasubiri betri."

"Betri nayo haisubiri mtu. Ijae kwanza."

Watu wa kisiwa, waliozaliwa wanajua maji yalipo hata wakiwa usingizini, tukakaa mbele ya posto tukitazama kioo kama wasafiri wa kituo cha basi. Plasta ilikuwa imebanduliwa. Tisini. Tisini na tano. Bahari inaondoka mbele yetu, na sisi tunashangilia namba. Ilipofika mia tukaipakia betri, vijana wanne tukikunja migongo, tukampakia Wahida kwenye kitanda chake cha kamba, mpira puani, mashine inakoroma, tukaondoka.

Jua lilikuwa kali mpaka mbao zinaungua. Anuar alisimama miguu kando, amefungua ile kapulana ya njano kwa mikono miwili, akaitandaza juu ya betri bila kuigusa, upepo upite, kama alivyofundishwa.

Wahida akafungua jicho. "Nani... mgonjwa hapa?"

Anuar akaisogeza kapulana kwake.

"Rudisha," alisema Wahida. "Ifunike hiyo. Mimi nitakunja... uso."

Akasimama hivyo njia nzima, mikono juu, akikipeleka kivuli huku, akikirudisha kule. Carga ikashuka taratibu, kwa adabu, hata nikaanza kuiheshimu. Palma ilipoonekana ilikuwa thelathini na moja. Nikasema, "Tumefika na chenji."

Sufo alipunguza injini. Alikuwa anatazama mbele. Ghuba ilikuwa imekupwa. Kuanzia chombo chetu mpaka minazi ya Palma kulikuwa na tope na majani ya bahari, tambarare inayong'aa, na wanawake wadogo kama punje wakichokoa chaza. Boti ikagusa chini. Injini ikatema mchanga.

"Tuibebe betri pamoja naye," alisema Anuar. "Thelathini na moja inatosha."

Tulikuwa tumeshainama kuishika. Ikalia pii moja, ndogo, kama ya simu ya mtoto. Kioo kilisema sifuri. Haikupitia ishirini, haikupitia kumi. Mashine ikanyamaza, na sikujua kwamba kelele ile nilikuwa nimeizoea kiasi hicho. Baadaye nimeambiwa betri iliyochoka hufanya hivyo: inakuahidi, kisha inaanguka kama mtu aliyesimama foleni bila kula.

Tukaiacha. Tukakinyanyua kitanda, mimi mguu wa nyuma wa kushoto, tope mpaka magotini. Anuar alitembea upande wa kichwa, kapulana juu ya uso wa mkewe, akipumua kwa sauti, ndani, nje, ndani, nje, ili amfuate. Wahida alikuwa ameketi wima kitandani, ameshika kamba, mdomo umechongoka, midomo ya bluu. Wanawake wa chaza walipotuona waliacha vikapu vyao. Mmoja mnene akanisukuma pembeni bila kuniuliza, akauchukua mguu wangu wa kitanda.

"Mnambeba kama jeneza!" alifoka. "Mtu yu hai, inueni mbele!"

Wakainua mbele. Wakakimbia, wanawake wale, kwenye tope lile wanalolijua, na sisi wanaume nyuma tukianguka na kuamka.

Hospitali ilikuwa na umeme. Muuguzi wa zamu, Esperança, hakuuliza jina; alimfunga mpira Wahida, akafungua hewa, akambana kidoleni kibanio kidogo chenye kioo, cha kupima hewa kwenye damu. Kikawaka namba. Sitini na nane. Tukasimama ukutani tukidondosha tope, tukaitazama. Sabini na tano. Themanini na moja. Mwanamke wa chaza akaanza kulia. Tisini. Rangi ikarudi mdomoni mwa Wahida, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi akaegemeza kichwa.

"Mnaona?" alisema Esperança, akifuta jasho. "Tisini na mbili. Mzee, furahi, mkeo anapanda vizuri."

Anuar hakufurahi. Alisogea mpaka kitandani, kapulana imelowa tope begani, akainama akakisoma kile kioo kidogo kwa muda mrefu, juu na chini, akiutafuta mstari wa pili.

"Mwanangu," alimwambia muuguzi, kwa sauti ya chini ili Wahida asisikie, "hiyo ni carga, au ni saúde?"

Esperança alikitazama kioo. Akamtazama Wahida. Kisha akamvutia mzee benchi.